Jasusi Shujaa, Mchezo Goigoi

Wapo watu, hasa sisi tulioshika chaki kwa miaka mingi, wanaoamini kwamba michezo ya video ni upuuzi mtupu usiostahili hata aya moja gazetini. Mimi nilikuwa miongoni mwao. Likizo iliyopita mpwa wangu, mwanafunzi wa kidato cha nne, alinijia na tarakilishi yake kwapani akaniambia, "Mjomba, wewe ni mwalimu wa historia. Mchezo huu ni wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, na jasusi wake aliishi kweli. Keti uone." Niliketi. Niliketi kwa jioni tatu mfululizo, na nilipoinuka nilikuwa na hasira. Sikukasirika kwa sababu mchezo ni mchezo. Nilikasirika kwa sababu mchezo wenyewe ni mbovu, na ubovu wake umemwangukia marehemu asiyeweza kujitetea.

Mchezo huo unaitwa Velvet Assassin. Ulitengenezwa na Replay Studios, kampuni ya mji wa Hamburg nchini Ujerumani, ukatolewa mwaka wa 2009. Ni mchezo wa kunyemelea na kufyatua risasi. Mchezaji humwona mhusika wake kwa nyuma, kana kwamba anamfuata hatua chache mgongoni, naye humwongoza kutoka kivuli hadi kivuli huku akiwakwepa walinzi au kuwaua kimyakimya. Mhusika ni mwanamke aitwaye Violette Summer, jasusi wa Uingereza aliyejipenyeza katika himaya ya Wanazi. Mchezo unapoanza yu taabani kitandani hospitalini, hajitambui, na yote tunayoyacheza ni kumbukumbu zinazompitia akilini. Jina hilo na wasifu huo havikuokotwa njiani. Vilichotwa katika maisha ya Violette Szabo, mwanamke wa kweli ambaye nitamrejelea baadaye.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Macho ya mchezaji hulishwa vizuri. Mwanga wa taa juu ya mawe yaliyolowa, ukungu, vichochoro, vyote vimechorwa na watu wanaojua kazi yao. Fauka ya hayo, walinzi hawakufanywa vinyago. Ukijibanza kimya unawasikia wakizungumza habari za makwao, na pengine utaokota barua ambayo mmoja wao aliiandika. Kwamba Wajerumani wenyewe waliunda mchezo ambamo mchezaji anawaua askari wa Kijerumani, kisha wakathubutu kumsomea barua za hao anaowaua, ni jambo lililonifanya niketi wima. Nilidhani nimekosea kuidharau sanaa hii.

Lakini uzuri huo ulikuwa wa kibuyu kilichonakshiwa nje ilhali ndani hakishiki maji.

Mchezo wa kunyemelea, kwa jinsi nilivyokuja kuuelewa, ni mkataba baina ya mwundaji na mchezaji. Mwundaji humwambia: nitakupa ulinzi mgumu, lakini nitakuonyesha kanuni zake, ukitazama kwa makini na kusubiri, utapita, ukishindwa, utajua ni wapi ulipokosea. Mpwa wangu alinionyesha mfano wa zamani, Metal Gear Solid wa mwaka wa 1998, akaniachia niucheze kidogo. Huko ukionekana, kengele ya hatari hulia, walinzi hukufuata mbio, nawe ukipata pahali pa kujificha hukutafuta kwa muda kisha hurejea malindoni. Kosa lako linakuwa mwanzo wa kisa kingine. Mioyo inadunda, lakini akili bado ina kazi ya kufanya.

Katika Velvet Assassin kosa ni kifo, na kifo ni kurudishwa nyuma. Huruhusiwi kuhifadhi ulikofika kwa hiari yako. Mchezo wenyewe ndio unaoamua mahali pa kuhifadhi, na mahali hapo pamewekwa mbalimbali mno. Kuna ua mmoja ambao niliuvuka mara kumi na moja. Mara ya kumi na moja sikuwa nimeongeza werevu wowote. Nilikuwa nimekariri tu: mlinzi wa kwanza anageuka, hesabu hadi nne, nenda, simama, wa pili anakohoa, nenda. Nawauliza walimu wenzangu: mtahini atakayemwambia mwanafunzi aliyekosea swali la tisa arudi aandike upya majibu yote tangu swali la kwanza, neno kwa neno, anampima nini mtoto yule? Hampimi maarifa. Anampima uvumilivu wa punda.

Na walinzi wenyewe! Hao waliopewa barua na nyoyo hawakupewa akili. Wanakwenda na kurudi kama timazi ya saa ya ukutani, hatua zilezile, kituo kilekile. Nilimchoma kisu mmoja wao hatua chache tu kutoka kwa mwenzake, naye mwenzake akaendelea kutazama ukuta. Baadaye kidogo nilipitisha bega kwenye mwanga hafifu nikamiminiwa risasi. Mchezo unasema kwamba jasusi anapozungukwa na rangi ya zambarau basi kivuli kimemficha. Vyema, lakini mchezaji akishaanza kuitazama rangi hiyo hamtazami tena mlinzi, wala taa, wala mlango. Anafuata rangi. Ile hofu ya giza, ambayo ndiyo mali pekee ya mchezo wa aina hii, inakwisha.

Ni pale jasusi anapobanwa ndipo pananiudhi zaidi. Mchezaji akionekana anaweza kumdunga Violette mofini. Papo hapo ulimwengu unageuka ndoto, walinzi wanazubaa, naye jasusi anaonekana amevaa gauni la kulalia, akikimbia kumwua adui aliyeduwaa. Naelewa hoja ya waundaji: yule mgonjwa wa hospitalini ndiye anayedungwa dawa, na dawa inavuja hadi kwenye kumbukumbu zake. Kwa karatasi ni wazo zuri. Katika kucheza ni kiraka. Wameshindwa kumpa mchezaji njia ya busara ya kujiokoa, wakampa sindano. Na kwa nini gauni la kulalia? Sijawahi kuona mchezo ambamo jasusi wa kiume anawapiga maadui akiwa na bukta ya kulalia.

Kisha, baada ya kutufundisha kwa saa nyingi kwamba anayefyatua risasi hovyo atakufa, mchezo unabadilika ghafla na kutukabidhi bunduki. Zipo sehemu ambamo hakuna tena kivuli cha kujifichia. Ni kupiga tu, na kupiga kwenyewe ni kuzito, shabaha inayumba, mwili unageuka polepole kama gari la ng'ombe. Mpwa wangu aliyezoea michezo ya vita alicheka. Mimi niliona mwalimu aliyefundisha ushairi muhula mzima kisha akatahini hesabu.

Sasa nimrejelee huyo mwanamke, kwa maana hapa ndipo kasoro za ufundi zinapogeuka kuwa jambo la heshima.

Violette Szabo alizaliwa mwaka wa 1921 kwa baba Mwingereza na mama Mfaransa, akakulia kusini mwa London. Mwaka wa 1940 aliolewa na Étienne Szabo, askari wa kikosi cha Ufaransa cha wageni, naye akauawa El Alamein mwezi wa Oktoba 1942, miezi michache tu baada ya binti yao Tania kuzaliwa. Mjane huyo akajiunga na idara ya siri ya Uingereza iliyopeleka majasusi na wahujumu katika nchi zilizotekwa. Mnamo Aprili 1944 alipelekwa Ufaransa, akaenda Rouen, mji uliojaa Wajerumani, akiwa na vitambulisho vya bandia. Kazi yake ilikuwa kuuliza kwa siri ni nani waliosalia wa mtandao wa upinzani uliokuwa umevunjwa. Ukutani aliona tangazo lenye picha za wenzake waliokuwa wakisakwa. Alilibandua, akarudi nalo Uingereza.

Huko ndiko kunyemelea kwa kweli. Hakutambaa kwenye mifereji akiwachoma watu visu mgongoni. Alipita mchana, akapanda gari moshi, akazungumza na wasiojulikana huku akipima kila sauti kama ni ya rafiki au ya msaliti. Kivuli chake kilikuwa lugha yake ya Kifaransa na utulivu wa uso wake. Je, mchezo uliokopa jina lake una dakika ngapi za namna hiyo? Kuna mahali pachache ambapo jasusi huvaa sare ya maadui akawapita, na ni sharti asiwakaribie mno. Basi. Hasemi, haulizwi, hadanganyi mtu. Badala yake mchezo unampeleka Hamburg na hata Warsaw, ambako lazima amfikishie jasusi mwenzake aliyefungwa sumu ya kujiua, ilhali Szabo alitumwa mara mbili tu, na mara zote mbili ni Ufaransa. Sikatai ubunifu. Lakini Warsaw, mji ambao Wayahudi wake walifungiwa mtaani wakafa njaa na kupelekwa kuuawa, si pazia la kuning'iniza nyuma ya mchezo wa kuokota vitu na kujipatia alama.

Safari yake ya pili ilianza mapema Juni 1944. Tarehe 10 mwezi huo alikamatwa na Wajerumani karibu na Salon-la-Tour baada ya kufyatuliana risasi nao. Alihojiwa, akapelekwa katika kambi ya Ravensbrück, na mapema mwaka wa 1945 akauawa humo pamoja na Denise Bloch na Lilian Rolfe, majasusi wenzake. Alikuwa na umri wa miaka 23. Serikali ya Uingereza ilimtunuku nishani ya George Cross mwaka wa 1946, na mwaka uliofuata Mfalme George wa Sita akamkabidhi binti yake nishani hiyo. Tania alikuwa na umri wa miaka minne.

Jioni ya tatu mpwa wangu alikuwa amefika mbali kuniliko. Alisitisha mchezo, akanigeukia, akaniuliza swali ambalo ndilo lililonisukuma kuishika kalamu hii: "Mjomba, kwani Violette alikuwa mraibu wa dawa?"

Nilikaa kimya kidogo. Mtoto hakuwa amekosea kusoma. Alikuwa amesoma barabara kile alichoandikiwa. Kwa saa zote hizo mchezo ulikuwa umemfundisha mambo mawili juu ya mwanamke yule: kwamba anaua sana, na kwamba anadungwa sindano. Kampuni iliyomfundisha haipo tena. Ilifilisika mwaka uleule wa 2009. Mchezo umebaki, nao unaendelea kupita mkono kwa mkono miongoni mwa vijana wasiowahi kulisikia jina la Szabo kwingineko.

Nilimweleza habari za Rouen, na tangazo lile la ukutani. Alisikiliza bila kugusa tarakilishi. Kisha akauliza, "Na yule mtoto aliyepewa nishani, ilikuwaje?" Nikamwambia kwamba alikua, na kwamba baadaye aliandika kitabu kizima juu ya mama yake. Akataka kujua kama tunaweza kukipata hapa. Nilimwahidi kwamba nitauliza maktabani shule zikifunguliwa.