Modem Haijafa, Imejiita CD

Likizo iliyopita nilikuta benchi la stationery ya mjomba, pale Nangwa, limejaa wadogo zetu waliomaliza kidato cha sita. Zilibaki siku mbili dirisha la mkopo lifungwe, na modem haikamati mtandao. "Imekufa, mjomba," aliniambia. "Fundi wa Katesh kasema ninunue nyingine." Nyingine ni elfu arobaini, bado nauli.

Kompyuta ile inatumia Linux, na niliyeiweka ni mimi, kwa hiyo aibu ilikuwa yangu. Nikaandika lsusb. Modem ilikuwepo kwenye orodha: 19d2:2000. Namba ya kwanza ni ya mtengenezaji, ZTE. Ya pili ni ya kifaa chenyewe. Kwa namba hizo, na kwa aina ya kazi ambayo kifaa kinasema kinafanya, mfumo endeshi huchagua draiva. Nikafungua /dev. Modem hakuna, ila kuna sr0, yaani CD. CD! Kile kiplastiki cha urefu wa kidole kilijitambulisha kuwa ni CD, na mfumo ukakiamini.

Sababu yake ni ya kibiashara. Programu za Windows ziliwekwa ndani ya modem yenyewe ili mnunuzi asihitaji CD ya kweli. Zikishasomwa, modem huambiwa ibadilike. Linux yetu haikuwa na wa kuiambia. Nikaandika eject /dev/sr0. Sekunde chache tu, namba ikageuka 19d2:0031, na vikaibuka vitu vinne: ttyUSB0, ttyUSB1, ttyUSB2, na diski kwa ajili ya tundu la kadi. Plastiki ni ile ile moja.

Ndiyo maana nasema somo letu la mifumo endeshi tunalisoma kichwa chini miguu juu. Tunakariri kwamba mfumo endeshi ni kiungo kati ya mtumiaji na vifaa, tunaandika kwenye mtihani, tunapata B zetu, ila hatujawahi kuchomeka kitu na kuangalia kinajiitaje. Halafu tunaenda field na jibu moja: imekufa. Mfugaji wa Hanang akikuta ng'ombe kadondosha hereni, hasemi ng'ombe amekufa.

Mtasema maabara hazitoshi. Kweli, hazitoshi. Lakini flashi unayo mfukoni, na lsusb ni bure. Mwenye Windows afungue Device Manager, aingie Hardware Ids, asome VID na PID. Dakika tano hizo, wazee.

Usiku ule wadogo kumi na wawili walituma maombi kabla umeme haujakatika. Wawili tuliwamalizia asubuhi. Yule fundi, nasikia, ana boksi zima la modem "zilizokufa". Desemba naenda kumwomba tulifungue wote.