Simbu ana dhahabu, ila kwangu Bayi bado namba moja

Tangu usiku ule wa kuamkia Jumatatu, Septemba 15, 2025, vijiwe vyetu vimepata ubishi mpya. Zamani ilikuwa Simba na Yanga, nani mkubwa, nani anabebwa. Sasa unakuta watu wazima wanabishana kuhusu mbio ndefu. Nani mkimbiaji bora wa muda wote Tanzania? Alphonce Simbu, wanasema vijana. Wazee wanacheka, wanaagiza kahawa nyingine.

Nawaelewa vijana. Simbu alitupa kitu ambacho hatukuwahi kuwa nacho. Medali ya dhahabu ya mashindano ya dunia ya riadha. Tulikuwa na fedha ya Christopher Isengwe pale Helsinki mwaka 2005 na shaba ya Simbu mwenyewe London mwaka 2017. Dhahabu, hapana. Halafu angalia alivyoipata. Kilomita 42 na ushee kwenye joto la Tokyo, akaingia uwanjani akiwa nyuma ya Amanal Petros wa Ujerumani. Petros alishaanza kuuona utepe. Simbu akamfuata, akamkaba, wakafika pamoja. Wote wakaandikiwa saa 2:09:48, ikabidi picha iamue. Tofauti ilikuwa sekunde 0.03.

Shabiki wa Yanga anajua kukosa kitu kwa unywele kunavyouma. Mwaka 2023 walikwenda Algiers, wakawafunga USM Alger kwao, na bado wakakosa Kombe la Shirikisho kwa sheria ya bao la ugenini. Sasa mfikirie Petros, amekimbia zaidi ya saa mbili halafu anaambiwa amekosa dhahabu kwa muda ambao hautoshi hata kukonyeza jicho.

Kwa hiyo kwa makombe, Simbu ndiye mfalme. Sibishi. Lakini mpira wenyewe umetufundisha kwamba makombe si hesabu yote. Kuna mchezaji anayechukua kombe na kuna mchezaji anayebadilisha jinsi mchezo unavyochezwa. Filbert Bayi yupo kundi la pili.

Ngoja nikurudishe Christchurch, New Zealand, Februari 2, 1974. Fainali ya mita 1500, Michezo ya Jumuiya ya Madola. Siku hizo fainali za namna hii zilikuwa za kuviziana. Watu wanakimbia taratibu, wanatazamana, halafu kengele ya mzunguko wa mwisho ikilia ndiyo wanafumuka. Bayi, kijana wa miaka 20 kutoka Karatu, hakuwa na habari na hayo mambo. Bunduki ilipolia tu akaondoka. Hakuwa na mtu wa kumwekea kasi. Alijiwekea mwenyewe.

Nyuma yake hakukuwa na watu wa mchezo. Kulikuwa na John Walker, kijana wa nyumbani anayeshangiliwa na uwanja mzima, na Ben Jipcho wa Kenya aliyekuwa kwenye moto wake. Wote walisubiri Bayi achoke. Ndivyo kitabu kilivyosema, anayeongoza tangu mwanzo lazima achoke. Mzunguko wa mwisho Walker akaja kweli, akasogea, akasogea tena. Bayi akaangalia nyuma, akaongeza gia. Akamaliza kwa dakika 3:32.16, rekodi mpya ya dunia. Jim Ryun wa Marekani alikuwa ameishikilia ile ya zamani tangu 1967. Walker aliyeshika nafasi ya pili naye alikuwa chini ya rekodi ya Ryun. Unavunja rekodi ya dunia na bado unakuwa wa pili! Mwaka uliofuata, kule Kingston, Jamaika, Bayi akaichukua na rekodi ya dunia ya maili kwa dakika 3:51.0. Hiyo nayo ilikuwa ya Ryun.

Unaniuliza kwa nini basi hana dhahabu ya Olimpiki? Hapo ndo roho inauma. Dunia nzima ilikuwa inasubiri Bayi na Walker warudiane Montreal mwaka 1976. Haikutokea. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, nchi za Afrika zikagoma, na Tanzania ya Mwalimu ilikuwa mstari wa mbele. Walker akashinda ile 1500 kwa dakika 3:39.17. Tatu thelathini na tisa! Sekunde saba nyuma ya rekodi ya mtu aliyekuwa hayupo. Sisemi mgomo ulikuwa makosa, ile ilikuwa vita ya ukombozi na nchi ililipa bei yake. Nasema tu bei hiyo mwanariadha mmoja aliilipa zaidi ya wengi wetu.

Alipata fedha Moscow mwaka 1980, lakini kwenye mita 3000 kuruka viunzi na maji. Akaongoza kama kawaida yake, Bronisław Malinowski wa Poland akamkamata mzunguko wa mwisho. Michezo hiyohiyo Suleiman Nyambui akachukua fedha ya mita 5000 nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Mpaka leo hizo mbili ndizo medali pekee za Olimpiki za nchi hii. Mbili.

Nyambui nampa nafasi ya tatu kwa sababu alikimbia kila mahali. Alibeba mataji ya vyuo vya Marekani akiwa El Paso, Texas, kisha akahamia barabarani na kushinda Berlin Marathon mara mbili mfululizo, 1987 na 1988. Gidamis Shahanga naye msimsahau, dhahabu ya marathoni Jumuiya ya Madola mwaka 1978, na dhahabu ya mita 10,000 mwaka 1982. Tena alishinda ile ya Edmonton wakati wengi hawajui hata jina lake linatamkwaje.

Halafu kuna Juma Ikangaa. Huyu ndiye anayenigusa moyo kuliko wote. Mfupi, mwanajeshi, hataki kukaa nyuma ya mtu. Boston alikuwa wa pili miaka mitatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990. Ile ya 1988 alikuwa bega kwa bega na Ibrahim Hussein wa Kenya mpaka barabara ya mwisho, akafungwa kwa sekunde moja. Mtu mwingine angeacha mbio. Yeye Novemba 1989 akaenda New York, akawaacha wote, akashinda kwa saa 2:08:01, rekodi ya mbio zile. Simbu naye alipokuwa wa pili Boston Aprili 2025, miezi mitano kabla ya Tokyo, mimi nilimkumbuka Ikangaa.

John Stephen Akhwari simpangi na hawa. Alimaliza marathoni ya Mexico mwaka 1968 goti likiwa limefungwa bandeji, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, wa mwisho kati ya 57 waliofika. Huyo ana meza yake peke yake.

Sasa turudi kwenye leo, maana ubishi wa kijiweni ni mtamu lakini unaficha kitu. Ile 3:32.16 ya Bayi ilidumu kama rekodi ya dunia mpaka 1979, Sebastian Coe alipoivunja. Kama rekodi ya Tanzania, haijavunjwa. Zaidi ya miaka 50! Viatu vimebadilika, uwanja umebadilika, sayansi ya chakula imebadilika, Mtanzania wa kuikimbia mita 1500 kwa kasi ya mwaka 1974 hajazaliwa, au amezaliwa na hatujamwona.

Ukiangalia hawa wakongwe walipita njia mbili. Bayi na Ikangaa walilelewa na jeshi, kama Simbu sasa. Nyambui na Shahanga walikwenda vyuo vya Marekani. Klabu ya uraiani yenye kocha, mshahara na uwanja wake, kama tulivyozoea kwenye mpira, hutaiona kwenye hadithi hizi. Leo njia ya vyuo imejaa Wakenya, wetu ni wa kuhesabu. Imebaki ya jeshi, na jeshi haliwezi kuwa Simba, Yanga, Azam na Singida kwa wakati mmoja.

Na kijana mwenye mapafu pale Mbulu au Hanang akianza tu anakimbilia barabarani, kwa sababu hela iko barabarani. Simlaumu, ana familia. Ila kasi ya marathoni ya kisasa inajengwa kwenye mita 1500 na 5000. Kipchoge alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5000 mwaka 2003 kabla hamjamjua kama mtu wa marathoni. Tunaandaa AFCON 2027 na Kenya na Uganda, viwanja vinapanda, raha tupu. Nani ameuliza kijana wa Karatu atafanyia wapi mazoezi ya mizunguko?

Los Angeles 2028 Simbu atakuwa na miaka 36. Umri huohuo Kipchoge alichukua dhahabu yake ya pili ya Olimpiki kule Sapporo, kwa hiyo msimzike mapema. Nyuma yake yupo Gabriel Geay, aliyekimbia Valencia mwaka 2022 kwa saa 2:03:00, na kwa kina dada yupo Magdalena Shauri, wa tatu Berlin mwaka 2023 kwa saa 2:18:41. Si haba, lakini wote watatu ni watu wa barabara.

Mpangilio wangu basi: Bayi, Simbu, Nyambui, Ikangaa, Shahanga. Simbu akibeba dhahabu Los Angeles nitampandisha juu, na wazee wa kahawa wakanune. Nafasi ya sita nimemwekea Geay, ila akaitafute mwenyewe hukohuko.