Daftari la Wiki: Theluji Inayoonekana Kutoka Westlands

Westlands, alfajiri

Januari na Februari ndiyo miezi ya kuutazama Mlima Kenya ukiwa Nairobi. Mvua za vuli zimekwisha, mbingu ni safi, na kabla ya saa moja asubuhi, moshi wa magari ya Waiyaki Way haujatanda, mlima hujitokeza upande wa kaskazini-mashariki ukiwa mweusi, wenye ncha kali, na weupe kidogo juu kabisa. Ni kama kilomita 140 hivi, lakini kutoka juu ya ghorofa ndefu za Westlands utadhani uko nyuma ya Kiambu tu. Wiki hii askari wa zamu ya usiku katika jengo moja alinipungia mkono. "Mzee, njoo haraka, leo mlima umetoka!" Tukasimama pamoja kwenye paa hadi ukungu ulipoufunika tena.

Mwaka 2020, korona ilipopunguza magari barabarani na hewa ikatakata, picha za mlima ukiwa nyuma ya majumba ya Nairobi zilienea katika simu zetu. Wengi walibisha, wakadai zimeunganishwa kwa kompyuta. Ubishi huo una historia ndefu. Tarehe 3 Desemba 1849 Johann Ludwig Krapf, mmisionari yuleyule ambaye kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa 1882, aliuona mlima huu akiwa Ukambani, akaandika kwamba kileleni kuna theluji. Wasomi wa London walikataa katakata: theluji ikae vipi karibu na ikweta? Wakati huohuo Wagikuyu, Waembu na Wameru waliokuwa wakilima chini yake waliujua mlima kwa majina yao, na Wagikuyu wakisali waliuelekea Kirinyaga.

Wengi wetu mjini tumeuachia wageni mlima huo. Mtalii hutua Jomo Kenyatta, hulala usiku mmoja Karen, Lang'ata au Westlands, kesho yake hupanda ndege ndogo Uwanja wa Wilson na kabla ya saa kwisha yuko Nanyuki, mbele ya dirisha lenye theluji. Nairobi ni mlango wa biashara hiyo: wanaopika wamefundishwa hapa na kodi hukusanywa hapa. Kwa hiyo tuna haki, na pia wajibu, wa kuuliza fedha za dirisha lile zinaishia wapi.

Mawingu

Hoteli mashuhuri kuliko zote chini ya theluji yetu ni Mount Kenya Safari Club, nje kidogo ya mji wa Nanyuki, mwendo wa kama kilomita 200 kwa barabara kutoka Nairobi. Ilianza kama nyumba ya kuishi. Mwishoni mwa miaka ya 1930 tajiri wa Kimarekani aitwaye Rhoda Lewisohn alijijengea makao pale, akayaita Mawingu. Baadaye nyumba ikawa hoteli. Mwaka 1959 mwigizaji wa sinema William Holden, pamoja na Ray Ryan, mfanyabiashara wa mafuta, na Carl Hirschmann, mwenye benki kutoka Uswisi, waliinunua wakaigeuza klabu ya wanachama. Winston Churchill na Bing Crosby waliorodheshwa humo. Mstari wa ikweta unapita katika uwanja wake, na jioni wageni huwashiwa moto vyumbani kwa sababu ya baridi ya mwinuko wa zaidi ya mita 2,000.

Nanyuki ya 1959 ilikuwa sehemu ya Nyanda za Juu za Wazungu, ambako Mwafrika aliingia kufanya kazi, si kumiliki shamba. Hali ya Hatari ilikuwa haijaondolewa. Iliondolewa Januari 1960. Msitu uleule ambao wageni wa klabu waliufurahia kutoka barazani, miaka michache tu nyuma, ulikuwa maskani ya wapiganaji wa Mau Mau walioongozwa na Waruhiu Itote, Jenerali China, hadi alipokamatwa Januari 1954. Wapo waliolala kwenye baridi ile bila blanketi wakipigania ardhi, na wapo waliokuja kuinunua baridi hiyohiyo kama starehe. Hoteli yoyote inayojivunia historia ya mahali pale inapaswa kuwasimulia wageni wake pande zote mbili.

Sifa nazo wapewe wanaostahili. Holden na washirika wengine walianzisha hifadhi ya wanyama kando ya klabu, na hifadhi hiyo leo ndiyo tegemeo la bongo wa mlimani, mnyama wa rangi ya kahawia nyekundu mwenye mistari myeupe, ambaye waliobaki porini ni wachache mno. Mwaka 2004 bongo 18 walirejeshwa hapo kutoka bustani za wanyama za Marekani ili wazae, na vizazi vyao virudi msituni.

Mama Ngina Street

Mji wa kati nao umepoteza hoteli zake moja baada ya nyingine. Hilton, mnara ule wa mviringo uliofunguliwa 1969, ulifunga milango tarehe 31 Desemba 2022. Makanga bado wanaita "Hilton! Hilton!" na wapenzi bado wanaahidiana kukutana hapo. Norfolk, iliyofunguliwa Krismasi ya 1904, ilitangaza mwaka 2020 kwamba inawaachisha kazi wafanyakazi wake wote. Stanley, ambayo asili yake ni 1902, bado iko pale Kimathi Street, na mgunga wa mkahawa wake, ambako wasafiri wa zamani walibandikiana barua, umepandwa upya zaidi ya mara moja.

Nilizungumza na kaka mmoja aliyehudumu mezani kwa miaka mingi katika hoteli za mjini na za mlimani. Sasa anauza chakula Kangemi. Nilimwuliza anakumbuka nini zaidi.

"Bwana mwandishi," akasema, "mimi nakumbuka Aprili. Mvua za masika zikianza wageni wanaisha. Meneja anakwambia uende nyumbani upumzike, utaitwa. Sasa mtoto anapumzika shule? Landlord anapumzika?"

Hapo ndipo penye kiini cha biashara hii. Hoteli ya kifahari huuza msimu, lakini mfanyakazi hula mwaka mzima. Wanaotandika vitanda na kuosha vyombo Westlands na Lavington wengi wanaishi Kangemi na Kawangware. Zamu ya jikoni ikiisha usiku, wanasaka matatu namba 23 au 46, na wasipoipata wanatembea. Wengi wako kwenye mikataba ya miezi michache michache, na msimu ukilala mkataba haurudiwi. Katika hoteli za daraja la juu kabisa, malipo ya mgeni kwa usiku mmoja hupita mshahara wa mwezi mzima wa aliyemfulia shuka. Sisemi bei ishuke. Nasema kwamba hoteli inayoweza kutoza bei ile inaweza pia kumwajiri mtu kwa kudumu.

Ruaraka

Wakenya walijifunza wapi kuhudumia wageni kwa ustadi unaosifiwa hadi Dubai na Doha? Jibu liko Thika Road. Chuo cha Utalii, Kenya Utalii College, kilianzishwa 1975 kwa ushirikiano wa serikali ya Kenya na serikali ya Uswisi. Waswisi hawakuchaguliwa kwa bahati. Wao ndio waliogeuza theluji kuwa riziki. Inasimuliwa kwamba mwaka 1864 Johannes Badrutt, mwenye hoteli St. Moritz, aliwaahidi wageni wake Waingereza kwamba wakirudi Desemba watapata jua, na wasiporidhika atawalipia nauli. Walirudi, wakakaa hadi machipuko. Kabla ya hapo milima ile wakati wa baridi ilikuwa makazi ya wakulima maskini na ng'ombe wao. Kisha zikaja hoteli, reli, shule za uhoteli, na vijiji vizima vikaanza kuishi kwa mapato ya wageni.

Tuliuchukua ustadi wao wa mezani na jikoni. Somo la pili hatujalichukua vya kutosha: fedha za wageni kubaki katika vijiji vilivyo chini ya theluji. Nchini kwetu hoteli na mikahawa hukatwa asilimia 2 ya mapato kwa ajili ya Hazina ya Utalii, na tozo hiyo ndiyo imekuwa mhimili wa Chuo cha Utalii. Ni jambo jema, kwa sababu mtoto wa Karatina au Timau akipata nafasi pale hutoka na kazi mkononi. Kinachokosekana ni mfuko kama huo kwa ajili ya mlima wenyewe.

Kwa ufupi

Halford Mackinder, Mwingereza wa kwanza kuandikwa vitabuni kwamba alifika kilele cha Batian, tarehe 13 Septemba 1899, alitoka Nairobi miezi michache tu baada ya reli kufika hapa. Alipanda na waongozaji wawili kutoka milima ya Alpi, César Ollier na Joseph Brocherel. Katika msafara wake walikuwamo Waswahili 66. Majina ya wazungu watatu yako kwenye kila ramani na kitabu. Ya wale 66 waliobeba mizigo hayafundishwi popote.

Usiku wa kuamkia Uhuru, Desemba 1963, Kisoi Munyao aliipandisha bendera ya Kenya kwenye kilele cha Lenana, mita 4,985. Kila mtoto wa shule ya Nairobi anapaswa kulijua jina hilo.

Philip Boit, mwanariadha aliyezoea kukimbia kwenye vumbi la Bonde la Ufa, alishindana kuteleza kwenye theluji katika Olimpiki ya Nagano, 1998. Alimaliza wa 92, wa mwisho. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimngojea kwenye mstari wa mwisho amkumbatie, na hafla ya medali ikacheleweshwa. Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Miaka 20 baadaye, katika Olimpiki ya Pyeongchang, Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria, akawa Mkenya wa kwanza kushindana katika mbio za kuteremka milima ya theluji.

Kabete

Upande wa magharibi wa jiji, katika kampasi ya Upper Kabete ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iko taasisi yenye jina la Wangari Maathai. Tarehe 8 Oktoba 2004 alipopata habari kwamba ameshinda Tuzo ya Nobel ya Amani, alikuwa safarini kwenda Nyeri. Alishuka katika Hoteli ya Outspan, na pale bustanini, uso ukiuelekea Mlima Kenya, akapanda mche wa mti. Katika mambo yote yaliyowahi kufanyika kwenye hoteli za mlima ule, hilo naliweka la kwanza.

Aliliona tatizo la mlima huo mapema. Barafu ya Lewis, iliyokuwa kubwa kuliko zote mlimani, ilipoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Mwishoni mwa karne ya 19 mlima ulikuwa na barafu 18; sasa zaidi ya theluthi moja zimetoweka kabisa, na zilizobaki zinanyauka. Sababu kubwa ni dunia kupata joto na hewa ya milimani kukauka, hivyo theluji inayoanguka haitoshi kufidia inayoyeyuka. Wageni wengi wanaokuja leo hupigia picha mabaki.

Tuelewe vizuri, lakini. Mito yetu haitegemei sana barafu ile. Inategemea mvua inayonaswa na msitu na nyasi za juu, ikahifadhiwa ardhini, kisha ikaachiliwa polepole. Maji ya mifereji ya Nairobi mengi yanatoka safu jirani ya Aberdare, kupitia bwawa la Ndakaini lililofunguliwa 1994. Mto Tana, unaoendesha mitambo ya umeme ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, hulishwa na Aberdare na Mlima Kenya pamoja. Upande wa kaskazini, Ewaso Ng'iro hukauka kila ukame unapokuwa mkali, na wafugaji wa Archers Post hubaki wakichimba mchanga wa mto kutafuta maji ya ng'ombe wao. Barafu ikipungua tunapata onyo. Msitu ukikatwa ndipo tunakosa maji na umeme.

Ombi

Sipingi anasa. Mtu akiwa na fedha zake na akapenda kuota moto kwenye ikweta huku akitazama Batian, karibu, fedha hizo zinahitajika Laikipia na Nyeri. Wala sitaki Mkenya wa kawaida aonekane mgeni pale: Nanyuki ina nyumba za wageni za bei ya kawaida, matatu hutoka River Road kila siku, na theluji ya kutazama haina kiingilio.

Hukumu yangu ni hii. Hoteli iliyo chini ya theluji ipimwe kwa mambo mawili kabla ya kuhesabiwa nyota zake: maji inayoyachukua mtoni na miti inayoirudishia ardhi, na mikataba inayowapa wafanyakazi wake. Bunge na serikali za kaunti zinazouzunguka mlima ziweke tozo ndogo kwa kila usiku wa mgeni, iende moja kwa moja kwa misitu na kwa vyama vya watumiaji maji, na hesabu yake itangazwe hadharani kila mwaka.

Nawe msomaji, ukienda huko kwa mkutano wa kazini, kwa fungate au kwa likizo na watoto, uliza mapokezi maswali mawili kabla ya kulipa: maji yenu mnayatoa mto gani, na waliotandika kitanda hiki mtawalipa Aprili? Wakishindwa kukujibu, chukua chumba kwingine.