Tusiambiwe Feni Inatosha

Muhula huu nilipendekeza mradi wa kupoza prosesa ya kompyuta kwa maji yanayopita katika mifereji midogo iliyochongwa kwenye kipande cha shaba. Nikajibiwa kwa ufupi: hayo ni ya Marekani, hapa Kampala weka feni kubwa zaidi. Napinga jibu hilo, na wenzangu mnaolirudia kantini nawapinga pia.

Ni kweli jambo hili lilianzia Marekani. Mwaka 1981 Tuckerman na Pease, wa Chuo Kikuu cha Stanford, walichonga katika silikoni mifereji yenye upana wa maikromita 50 hivi, karibu unene wa unywele mmoja, wakapitisha maji. Kila sentimita ya mraba ikaondolewa joto la wati 790. Pasi yako ya wati 1,000 haitoi hata wati 10 kwa eneo kama hilo! Na siri si maji peke yake. Maji yakitiririka kwa utulivu, ukipunguza upana wa mfereji kwa nusu, kasi ya kuchukua joto kutoka kila eneo la ukuta wake huongezeka maradufu.

Sasa hiyo feni. Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, na feni ile ile hubeba joto pungufu kwa kiasi hicho. Hapo sijataja vumbi jekundu. Fungueni kompyuta ya maabara muone sweta lililofumwa juu ya feni.

Wapinzani wangu wana hoja moja nzito: mifereji myembamba huziba, tena hudai pampu yenye nguvu. Naikubali. Lakini nani kasema tuanze na maikromita 50? Nusu milimita inachongeka kwa diski nyembamba ya kukatia chuma. Ukuta utapokonywa joto polepole mara kumi, ila prosesa ya kawaida haihitaji wati 790. Maji yawe yale ya betri yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta, yazunguke humo humo na kupita kwenye chujio, kisha yapoe katika rejeta ndogo ya gari kutoka Kisekka. Ndiyo, mwishowe joto huishia hewani, tena kwa feni. Lakini rejeta ina uso mpana, iko nje ya boksi, na ikishika vumbi unaiosha kwa ndoo ya maji. Jaribu kuiosha prosesa.

Fomu ya mradi nimeijaza upya, nusu milimita badala ya maikromita 50. Jumatatu nairudisha.