Wasanii, Acheni Kufichana Brashi

Mwenyezi Mungu hampi mja wake kipaji ili akakifukie ardhini. Hilo tunalijua sote, wa msikitini na wa kanisani, na sitapoteza wino kulitafutia ushahidi. Basi niambieni, ndugu zangu wachoraji: mbona bingwa akianza kuchanganya rangi anageuza mgongo, ili kijana aliyeketi nyuma yake asione?

Nasema niliyoyaona. Katika banda moja hapa Dar es Salaam, ambalo sitalitaja, nilimkuta kijana aliyeosha brashi za mzee wake miaka miwili mizima. Kupaka rangi ya chini alijua, kufagia alijua, kutumwa chai alijua. Siku alipothubutu kuchora tausi wake mwenyewe kwenye kipande cha ubao kilichotupwa, aliambiwa akatafute banda lake. Na jioni ileile mzee huyo alimwachia dalali picha nne kwa bei ya kutupa, kwa kuwa hakuwa na ukuta wa kuzitundika wala mwenzake wa kumnong'oneza, "Usiuze, ngoja." Aliyemnyima mtoto ujuzi asubuhi, jioni akanyang'anywa jasho lake. Uchoyo hauna ndugu.

Na mfano wa kutuongoza tunao nyumbani, hatuhitaji kupanda ndege kuufuata. Edward Saidi Tingatinga, mwana wa Tunduru, hakusoma chuo chochote cha sanaa. Alianza kuchora mnamo 1968, kwa rangi za makopo, zilezile za kupakia baiskeli, juu ya mbao laini za dari zilizokatwa mraba. Picha ziliuzwa chini ya mti, karibu na maduka ya Morogoro Stores kule Oysterbay. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa kumdhania mhalifu, akafa. Hesabuni wenyewe: miaka minne! Wangapi kati yenu mmeshika brashi miaka thelathini, na mkifumba macho leo hakuna mkono utakaoendelea? Tingatinga alikuwa amekwisha kuwaketisha jamaa zake ubavuni pake: January Linda, Adeusi Mandu, Ajaba Abdallah Mtalia, Kasper Tedo, Simon Mpata. Hao nao wakawaketisha wengine. Kijana aliingia kwa kupaka rangi ya chini, akapewa majani na madoa, kisha ndege, mpaka siku moja picha nzima ikawa yake na jina lake likaandikwa pembeni. Mwaka 1990 wakaandikisha ushirika wao, palepale jirani na ule mti, na duka likawa mali ya wachoraji wenyewe. Leo jina la mtu wa miaka minne linatamkwa Japani na Ulaya kama jina la uchoraji mzima. Samaki mkunje angali mbichi, lakini lazima kwanza umruhusu aingie jikoni.

Ndugu zetu wa Kenya nao wana lao. Uchongaji wa Wakamba wa vinyago vya kuuza ulianzia kwa Mutisya Munge wa Wamunyu, ambaye aliuokota ufundi huo kwa Wazaramo wa huku kwetu wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Tazama baraka hiyo! Wazaramo hawakumficha patasi mgeni wa vita, naye aliporudi kwao hakuwaficha majirani. Mwaka 1963 wachongaji wa Mombasa wakaunda ushirika wao, na mpaka leo pale Changamwe utawakuta wamekaa chini ya mabanda yao, mzee na kijana, huyu anachonga twiga, yule anasugua msasa. Kazi inaingia kwenye duka la chama ikiwa na alama ya mwenyewe. Ikiuzwa, chama kinabakiza fungu lake la kuendesha nyumba, na mwenye kazi anapata lake. Mteja hawezi kuwagombanisha Musyoka na Mutua, kwa kuwa bei ni moja. Na mpingo ulipoadimika, watu wenye chama waliweza kukaa pamoja na kujifunza kuchonga mwarobaini. Mtu mmoja na patasi yake angekwenda wapi?

Najua jibu lenu, nimelisikia mara mia. "Mzee, chama kitaliwa." Ni kweli, vyama vimeliwa, na waliovila wana hesabu yao mbele ya Mola. Lakini mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari hilo ni nani aliyewakataza kulifungua? Mnamchagua mhazini kwa kuwa ni mcheshi, mkutano mkuu hamji, stakabadhi hamuulizi, kisha fedha zikipotea mnalia kama mnaonewa. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mwiteni mhazini mbele ya wote kila mwisho wa mwezi, asome kwa sauti kilichoingia na kilichotoka. Mwanachama aliyenyamaza siku hiyo asije akalalamika kijiweni.

Nanyi vijana, msidhani nawapamba. Wapo wanaoshika brashi Jumatatu, Ijumaa wanataka picha yao iningʼinie hotelini. Mwalimu anakupa mstari urudie, unanuna. Unanakili pundamilia wa jirani yako mpaka na kosa la kwato zake, kisha unajiita msanii. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, mwanangu. Hata hivyo nawapenda, maana mikono yenu ina wepesi ambao sisi wazee hatunao tena, na nimeona kwenye kuta za Manzese michoro ya mkaa iliyonisimamisha njiani nikasahau nilikokuwa nakwenda.

Hapa siwezi kunyamazia jambo jingine, hata kama halimo katika safari yangu ya leo. Ninyi wenye nyumba nzuri! Naingia sebuleni kwenu, nakuta juu ya kochi picha ya plastiki ya mlima wa theluji na nyumba ya mbao, iliyopigwa chapa kiwandani maelfu kwa maelfu. Mlima wa theluji, nasi tunao Kilimanjaro! Maofisini vilevile, na katika hoteli ambazo mgeni amelipa nauli kuja kutuona sisi. Kisha mnasema wasanii wetu hawaendelei. Waendelee kwa kula nini? Mwacha asili ni mtumwa, na utumwa wa ukutani unautazama kila siku ukinywa chai. Pitia duka la wachoraji wenyewe, umlipe aliyechora, umtazame usoni.

Narudi kwako, mzee wangu wa banda lile. Ukisoma haya utajijua. Kijana wako hakwenda mbali. Anabeba mizigo Kariakoo, karibu na soko, na nilipomwona mara ya mwisho alikuwa amechora tausi kwa chaki kwenye ubao wa mkokoteni wake. Mkia ule ameujulia wapi kama si kwa kukuchungulia? Umri wako umekwenda, na macho yako, uliniambia mwenyewe, hayaoni tena nukta ndogo. Mwite Jumamosi hii. Mpe kigoda, kiweke upande unaochanganyia rangi.