Afya ya Nyumbani: Nuru Katika Mzizi wa Jino



Mwezi huu twapenda kusema juu ya jino. Wengi wetu hulidharau mpaka lituamshe usiku. Maumivu yakizidi, hutumwa kijana duka la dawa akanunue vidonge vya kuua vijidudu, yakitulia siku mbili tatu, husemwa, "Alhamdulillahi, nimepona." La, huko siko kupona. Ndani ya jino mna tundu, na tunduni mna nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Uozo ukifika humo nyama hiyo hufa, na damu haiingii tena. Dawa imezwayo huchukuliwa na damu. Itafikaje basi pasipofika damu? Vijidudu hubaki vikizaana, na usaha hukusanyika penye ncha ya mzizi ukaula mfupa. Pengine uvimbe hushuka shingoni ukaziba pumzi, na mtu akafa kwa ajili ya jino moja.

Jino la namna hiyo hung'olewa, ama husafishwa mizizi yake. Daktari wa meno hulitoboa, akatoa nyama iliyokufa kwa vyuma vyembamba, akaosha kwa dawa ya jamii ya klorini, kisha akaijaza njia ile na kuifunga. Lakini njia za mzizi hazikunyooka kama bomba. Zina vichochoro vya kando, na humo vijidudu hujificha. Kimoja, kiitwacho Enterococcus faecalis, ni kigumu sana, na mara nyingi huonekana katika meno yaliyokwisha kutibiwa yakaharibika tena.

Hapo ndipo hutumiwa tiba ya nuru. Mwaka 1900 Oscar Raab, mwanafunzi wa Hermann von Tappeiner katika mji wa Munich, Ujerumani, alieleza kwamba vidudu vidogo vya majini vilivyotiwa rangi ya akridini vilikufa upesi vilipopata mwanga. Elimu hiyo sasa imeingia katika utabibu wa meno. Daktari hutia mzizini rangi, kama methilini buluu, akaiacha kidogo ishikamane na vijidudu. Kisha huingiza uzi mwembamba upitishao nuru nyekundu. Rangi hupokea nguvu ya nuru na kuipa oksijeni iliyomo; oksijeni hiyo hugeuka kali, ikaviunguza vijidudu papo hapo. Nayo huvipiga mahali pengi kwa pamoja, hata ni vigumu kuizoea kama vinavyozoea vidonge.

Lakini tusidanganyike. Nuru hii ni msaidizi tu. Haishiki mahali pa kusafisha, kuosha na kujaza. Rangi yenyewe isipooshwa vyema yaweza kulitia jino madoa. Wala wataalamu hawajaafikiana juu ya kadiri ya faida yake, na zahanati nyingi hazina chombo chake. Basi asikate tamaa aliyeikosa, kwani kazi iliyofanywa kwa uangalifu bila nuru huponya meno mengi.

Sisi Waislamu hatukupasa kuwa nyuma katika jambo hili. Mtume wetu (s.a.w.) alikokoteza sana juu ya mswaki, na akatuamuru kutafuta dawa. Naye tabibu wa Andalusia, Abu al-Qasim al-Zahrawi, yapata mwaka 1000, alichora katika kitabu chake vyombo vya kukwangulia meno.

Enyi wazazi, tazameni vinywa vya watoto wenu. Jino likianza kusikia baridi au utamu, mpelekeni mtoto kwa daktari upesi, kabla uozo haujafika ndani. Shavu likivimba, au kumeza kukiwa kuzito, msingoje asubuhi. Na vidonge vilivyobaki kwa jirani msivipokee. Nanyi vijana, mswaki asubuhi na kabla ya kulala ni kazi ya dakika chache, nao huokoa fedha nyingi. Mwili ni amana, na jino ni sehemu ya amana hiyo.

Wabillahi tawfiq.