Gitaa la Kanisani na Kompyuta



Vijana wengi wapigao gitaa kanisani hutamani amplifaya ya valvu, kama vile Vox AC30. Chombo hicho cha wati 30 hutoa utamu wake hasa kikifunguliwa sana. Lakini ndani ya kanisa dogo ngurumo yake humeza maneno ya waimbaji.

Siku hizi zipo programu za kompyuta ziigazo amplifaya hiyo pamoja na spika yake. Gitaa huunganishwa na kisanduku kigeuzacho sauti kuwa tarakimu, kompyuta huifanyia kazi, kisha sauti hupelekwa kwa fundi mitambo, naye aweza kuipunguza bila kuupoteza utamu.

Mpigaji na azingatie mambo matatu. Kwanza, ucheleweshaji. Kompyuta hupokea sauti kwa mafungu ya sampuli. Kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, fungu la sampuli 128 huchukua karibu milisekunde 3. Fungu la 1,024 huchukua zaidi ya 21, na hapo gitaa huanza kuachwa nyuma na ngoma. Walakini fungu likiwa dogo mno, kompyuta hulemewa na sauti hukatikakatika.

Pili, intaneti na programu nyinginezo zizimwe kabla ya ibada. Tatu, pawepo pedali ndogo ya akiba iigayo amplifaya, ili kompyuta ikigoma, wimbo usikatike.

Hayo yote yajaribiwe Jumamosi, kwa sauti ile ile itakayotumika, wala yasingojwe hadi waumini wameketi.